Storyline: mtu kabonyeza vitufe vyote vinne lakini Next haifunguki

kozi_za_afya

Habari zenu wakuu, naombeni msaada, leo siku ya tatu nahangaika na slaidi moja tu na Jumatatu kozi inatakiwa iwe hewani.

Natengeneza kozi ya watoa huduma wa zahanati kwa Storyline 360, ile programu ya kutengenezea kozi za mtandaoni, ni ile mada ya mtoto mgonjwa wa miezi miwili hadi miaka mitano, na slaidi inayonisumbua ndiyo yenye dalili za hatari za jumla. Kwenye chati za IMCI, ule mwongozo wa kuhudumia watoto wagonjwa, ziko nne, hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, na amelegea au hana fahamu. Kwa hiyo nimeweka vitufe vinne, kila kimoja kina hali tatu, Normal kabla hakijaguswa, Hover kipanya kikiwa juu yake, na Visited kikishabonyezwa, ile Visited nimeipa rangi ya kijani na alama ya tiki, ukibonyeza kitufe inafunguka leya, yaani ukurasa mdogo unaotokea juu ya slaidi, yenye maelezo na kipande cha video. Next ni ile ya pleya, fremu inayozunguka kozi, nimeifunga kwa triga, yaani amri ya nini kitokee na lini, slaidi inapoanza, halafu kuna triga nyingine ya kuifungua vitufe vyote vinne vikishakuwa Visited. Ukizisoma triga moja moja huoni kosa kabisa.

Shida ya kwanza, kuna wakati mtu anabonyeza vyote vinne, leya zote zinafunguka, anasoma, anafunga, lakini kitufe cha degedege hakipati tiki na Next haifunguki. Nasema kuna wakati kwa sababu mara nyingine inakubali vizuri tu, na mimi sijabadilisha kitu. Shida ya pili, hata ikikubali, ukienda slaidi inayofuata halafu ukarudi, tiki zote nne zipo lakini Next imefungwa tena na huna la kufanya.

Juzi nilimpa muuguzi mmoja mtu mzima aijaribu kwenye simu yangu, akabonyeza vyote, akarudia tena, akarudia mara ya tatu taratibu kidole kimoja kimoja huku anasoma kwa sauti, halafu akanirudishia simu akasema mwanangu hii simu yako imechoka. Nilijisikia vibaya sana maana simu ni nzima, yeye alifanya kila alichoambiwa na kozi ndiyo ilimgomea.

Nimeshaongeza kwenye kila kitufe triga ya kukibadilisha kiwe Visited kikibonyezwa, naona kama imezidisha. Nimefuta kitufe cha degedege nikakitengeneza upya mara mbili. Kuna mtu kaniambia achana na kufunga Next, waache wapite tu. Sitaki, dalili moja ikirukwa hapa huko zahanati ni mtoto anapewa dawa anarudishwa nyumbani wakati alitakiwa apewe rufaa ya haraka.

Nimekwama kweli, mwenye uzoefu na hivi vitufe anisaidie.

---

fundi_slaidi

Pole sana mkuu. Kabla ya yote futa hizo triga nne za kubadilisha kitufe kiwe Visited. Visited, Hover, Down, Selected, hizo hali zimekuja na kazi zake ndani ya programu, kitufe kikiwa na hali inayoitwa Visited basi mtu akikibonyeza kinaingia huko chenyewe bila kuambiwa na mtu. Ukiongeza triga ya kazi ile ile unakuwa na amri mbili juu ya kitu kimoja na ndiyo hapo mambo yanakuwa leo ndiyo kesho siyo. Triga ya kubadilisha hali iache kwa zile hali ulizozibuni mwenyewe, na kwa Disabled na Hidden ambazo haziji bila kuitwa.

Ukishafuta tuambie kama degedege bado inasumbua, na tuambie pia hicho kitufe kina tofauti gani na wenzake watatu maana lazima kuna tofauti hata kama huioni.

---

kozi_za_afya

Nimefuta zote nne, asante, angalau sasa vile vitatu vimetulia kabisa, nimejaribu mara kumi havijakosea hata mara moja.

Degedege bado. Tofauti ninayoiona ni kwamba ile ina picha juu yake, mchoro wa mama amembeba mtoto. Mwenzangu anayechora aliuweka wiki iliyopita, vingine michoro yake haijaisha. Ila sidhani kama ni picha maana leya inafunguka vizuri tu ukibonyeza, ingekuwa picha inaziba kitufe basi hata leya isingefunguka.

---

fundi_slaidi

Hapo hapo mkuu, usiende mbali.

Fanya hivi. Bonyeza ule mchoro mara moja ukiwa kwenye slaidi, usibonyeze kitufe, bonyeza mchoro wenyewe, halafu angalia paneli ya Triggers upande wa kulia. Nina uhakika wa karibu asilimia mia utakuta mchoro nao una triga yake ya kufungua leya ya degedege. Mwenzako alipoweka mchoro aliona kitufe hakibonyezeki vizuri, akaunakilia ile triga kwenye mchoro, yeye kwake ikawa imefanya kazi maana leya ilifunguka, akaendelea na mambo mengine. Nadhani hakukusudia ubaya.

Sasa angalia kinachotokea. Mtu akibonyeza katikati, kidole kimegusa mchoro, mchoro unafungua leya. Kitufe kilicho chini yake hakijaguswa na mtu, kwa hiyo kipo Normal na kitabaki Normal. Mtu mwingine akibonyeza pembeni, pale kwenye ukingo ambapo mchoro haujafika, amegusa kitufe chenyewe, leya ile ile inafunguka na tiki inakuja. Kwa macho ya mtumiaji ni kitu kimoja, leya ni ile ile, lakini kwa programu ni vitu viwili tofauti kabisa. Ndiyo maana ukasema kuna wakati inakubali. Wewe na kipanya chako unabonyeza popote, yule mama na kidole chake alilenga mchoro katikati mara tatu zote kama mtu yeyote mwenye akili anavyofanya akiona picha.

Kuthibitisha vuta mchoro uweke pembeni mbali na kitufe, piga previu, bonyeza kitufe. Tiki itakuja kila mara.

Dawa yake siyo kuongeza triga nyingine. Mchoro uingie ndani ya kitufe. Ukate mchoro, chagua kitufe, nenda paneli ya States bonyeza Edit States, simama kwenye Normal ubandike mchoro humo. Ila angalia hapa watu wengi wanajikwaa, ukibandika kwenye Normal wakati Hover na Visited zilishatengenezwa zamani usitegemee zote zitapata mchoro, na ukikuta haupo basi kitufe kitakuwa kinapoteza mchoro kikibonyezwa. Mimi nafuta Hover na Visited kwanza, nakamilisha Normal mpaka nimeridhika nayo, maandishi, mchoro, ukubwa, kila kitu, halafu ndiyo natengeneza Visited kwa kunakili Normal, naongeza tiki tu. Inachukua dakika mbili na unalala vizuri.

Na ukiwa humo uhakikishe umebonyeza Done Editing States kabla hujagusa kitu kingine. Nimeshawahi kupoteza nusu siku nikihariri Hover nikidhani nahariri slaidi.

---

kozi_za_afya

Mkuu fundi_slaidi Mungu akubariki. Mchoro ulikuwa na triga! Nimeiona kwa macho yangu, "Show layer Degedege when the user clicks" na jina la picha. Na mimi nilivyokuwa nafuta kitufe nakitengeneza upya mchoro ulikuwa unabaki pale pale juu na triga yake, nakuja kuuweka juu ya kitufe kipya, kwa hiyo nilikuwa nabadilisha kitu ambacho hakina kosa.

Nimeuingiza ndani ya kitufe kama ulivyosema, nimefuta hali nikazitengeneza upya. Nimebonyeza katikati, pembeni, juu, chini, tiki inakuja. Next inafunguka.

Imebaki ile ya pili, ukienda mbele ukarudi Next imejifunga. Nimeangalia kwenye mipangilio ya slaidi pale When revisiting, ilikuwa kwenye Automatically decide.

---

mama_moduli

Habari za asubuhi, nimesoma yote nimefurahi degedege imepona.

Hiyo ya pili kaka ni vitu viwili. Kwanza hiyo Automatically decide iondoe, weka Resume saved state. Ukiiacha programu inaamua yenyewe kwa kuangalia kilichomo kwenye slaidi, na hata kama leo imeamua unavyotaka, slaidi kama hii ambayo mtu amefanya kazi kuifungua mimi naiwekea mwenyewe. Kumbuka na kila leya ina mipangilio yake ya aina hiyo hiyo, za maelezo unaweza kuziacha Reset to initial state ili video ianze mwanzo mtu akirudi kusikiliza.

Pili ni triga yako ya kufunga Next. Umesema inafunga slaidi inapoanza. Kila mtu anapoingia, mgeni au aliyemaliza, triga inasema funga, na inafunga. Ile ya kufungua nayo inasubiri hali ibadilike, lakini mtu aliyerudi vitufe vyake tayari ni Visited, hakuna kinachobadilika tena, kwa hiyo haina cha kuiamsha. Hili ningependa ulielewe vizuri maana litakufuata kwenye kozi zako zote. Triga ina tukio na ina sharti, na sharti haliangaliwi muda wote, linaangaliwa mara moja tu tukio linapotokea halafu basi. Watu wengi wanaandika sharti wakidhani limekaa pale kama mlinzi wa geti anayeangalia kila anayepita. Halikai, ni kama mtu anayefungua dirisha mara moja, anachungulia, anafunga.

Kwa hiyo kwenye triga ya kufunga weka masharti, ifunge Next slaidi inapoanza ikiwa vitufe havijawa Visited. Ukitengeneza masharti chagua kila kitufe, alama ya si sawa, Visited.

---

kozi_za_afya

Dada asante sana, huo mfano wa dirisha umeniingia, nina slaidi nyingine tatu huko mbele nilizokuwa naona hazielewiki na sasa nafikiri najua kwa nini.

Nimeweka masharti manne na nimeweka Resume saved state. Aliyemaliza akirudi Next iko wazi, safi. Lakini sasa limezuka jipya, mtu akibonyeza kitufe kimoja tu, akabonyeza Prev akarudi slaidi ya nyuma, halafu akaja tena, Next iko wazi! Kimoja tu kina tiki na anapita. Nimejaribu mara tano ni hivyo hivyo. Nimekosea wapi?

---

slaidi_mwambao

Salamu kutoka Mombasa. Nimekuwa nikisoma kimya kimya lakini hili naomba nijibu mimi kwa sababu lilinila wiki nzima mwaka jana.

Angalia katikati ya masharti yako, kati ya moja na lingine kuna neno AND. Umeandika funga ikiwa cha kwanza si Visited NA cha pili si Visited NA cha tatu NA cha nne. Maana yake programu itafunga iwapo tu vyote vinne bado havijaguswa. Mtu akigusa kimoja, sharti moja limeanguka, na kwa sababu umeyafunga yote kwa NA yameanguka yote, Next haifungwi.

Unachotaka ni AU. Funga ikiwa cha kwanza bado, AU cha pili bado, AU cha tatu bado, AU cha nne bado. Yaani kikibaki hata kimoja, funga. Bonyeza lile neno AND palepale kwenye triga litakupa OR, badilisha yote matatu, moja likibaki AND utarudi hapa tena.

Mimi nilijisomea kwa Kiswahili kwa sauti ndipo nikaelewa. Kwenye kufungua unasema vyote viwe tayari, kwenye kufunga unasema hata kimoja kikiwa bado. Mama yangu alikuwa na kibanda cha chakula, kufungua kibanda lazima moto uwe umewaka na wali uive na mchuzi uwe tayari na maji yawepo. Kutofungua, inatosha kimoja kikosekane.

Halafu angalia menyu ya pembeni. Kama kwenye pleya menyu iko Free mtu anaruka kwa kubonyeza jina la slaidi inayofuata, na kazi yako yote ya Next haina maana. Iweke Restricted, hapo anaweza kurudi alikopita lakini haruki mbele.

---

kozi_za_afya

NDIYO. Imekubali. Nimebadilisha yote matatu kuwa OR, nimejaribu kimoja, viwili, vitatu, kurudi nyuma, kwenda mbele, imekaa. Na menyu ilikuwa Free kweli, sikuwahi kuifikiria kabisa.

Asanteni sana wote. Kuna dogo moja la mwisho kabla sijawasumbua tena. Kwenye simu ukibonyeza kitufe halafu ukafunga leya, wakati mwingine kinabaki na rangi ya Hover. Yangu ya Hover ni kijani hafifu na ya Visited ni kijani kilichokolea, watu wanachanganya.

---

mama_moduli

Kwenye simu hakuna kipanya kaka, hakuna kitu kinachoelea juu ya kitufe kabla ya kubonyeza. Simu inaigiza tu kwa mguso, na rangi inaweza kubaki mpaka mtu aguse mahali pengine. Kwa kozi ambayo unajua wengi wataifungua kwa simu mimi Hover naitoa kabisa au naiachia kitu kidogo sana kisichobeba maana yoyote, kama ukingo kuwa mnene kidogo. Na usiweke maelezo yoyote ya kusoma ndani ya Hover, mtu wa simu hatayaona milele.

Na hiyo ya kijani na kijani, hata bila simu ingekusumbua. Wapo wasiotofautisha rangi vizuri, na wapo wanaosoma juani nje ya zahanati na mwanga wa skrini umepunguzwa kulinda chaji. Muongozo wa WCAG, ule wa kufanya kurasa za mtandao zitumike na watu wote, una kigezo chake kabisa, 1.4.1, kinasema rangi isiwe njia pekee ya kumjulisha mtu kitu. Wewe tiki unayo tayari, umefanya jambo jema, ikuze tu iwe kubwa, na ukiweza ongeza neno "Umesoma" chini ya jina la dalili ndani ya hali ya Visited. Muuguzi hataki kukisia kijani gani ni kipi.

---

slaidi_mwambao

Naunga mkono kuondoa Hover. Naongeza mbinu ya kukusaidia siku nyingine kitufe kikikuvuruga. Tengeneza nakala ya faili, ndani ya kila hali ya kitufe andika jina lake kwa herufi kubwa, NORMAL, VISITED, DISABLED, halafu cheza previu. Kitufe chenyewe kitakuwa kinakuambia kiko wapi. Kama unatumia vigeu, vile visanduku vya kutunza thamani ndani ya kozi, andika jina la kigeu kwenye slaidi katikati ya alama mbili za asilimia, %jina%, utaona thamani yake inabadilika mbele ya macho yako. Mimi kwa kweli kwenye kozi kubwa napenda vigeu vya kweli au si kweli kuliko kuangalia hali za vitufe, maana kigeu kinakumbukwa kozi nzima na slaidi nyingine inaweza kukiuliza.

---

fundi_slaidi

Kwa vitufe vinne kwenye slaidi moja sioni haja ya vigeu ndugu yangu wa Mombasa, unaongeza vigeu vinne na triga nne za kuviweka kweli na triga nyingine za kusikiliza vinapobadilika, na kila triga ni mahali pengine pa kukosea. Hali inatosha, Visited inajiandika yenyewe bure. Vigeu navitunza kwa pale ambapo slaidi ya 20 inahitaji kujua kilichofanyika slaidi ya 5.

---

slaidi_mwambao

Hapo nakubali. Yangu huwa ni zile kozi za kuchagua njia, mtu anaamua jambo slaidi ya mwanzo na matokeo anayaona mwishoni, ndiyo maana nimezoea hivyo.

---

kozi_za_afya

Wakuu nimerudi, leo Jumanne. Kozi ilipanda jana Moodle, mfumo wa mtandaoni ambako watu wanaisomea, kama ilivyopangwa na vitufe vinafanya kazi kama tulivyovitengeneza. Hover nimeitoa, "Umesoma" nimeiweka.

Lakini kuna watu wawili wamelalamika kitu kingine. Walifika mbali kabisa, slaidi ya 50 na kitu, wakafunga maana wagonjwa walikuja, jioni wakafungua tena ikawarudisha nyuma sana na tiki nyingine hazipo. Wengine walioishia slaidi za mwanzoni wakirudi wanakuta kila kitu chao. Kozi ina slaidi 71 na nimeipablishi SCORM 1.2, ule muundo wa kufungasha kozi ili iwasiliane na Moodle. Nimeshaangalia kwenye pleya ile ya kuendelea mtu alipoishia, iko Always resume. Je ni zile Resume saved state zinakataa?

---

mama_moduli

Hazikatai, zimejaa.

SCORM 1.2 ina sehemu moja inayoitwa suspend_data ambapo kozi inaandika kumbukumbu zote za mtu, amefika wapi, vitufe vipi ni Visited, vigeu vina thamani gani, majibu ya maswali. Nafasi yake ni herufi 4,096 tu. Slaidi za mwanzo zinaingia vizuri, ukiendelea kumbukumbu inanenepa, siku inavuka hapo kumbukumbu mpya haihifadhiwi salama na mtu anarudi kwenye ile ya zamani. Ndiyo maana wa mwanzoni wako salama na waliofika mbali ndio wanaumia, na inauma zaidi maana ndio waliojituma.

Njia zipo. SCORM 2004 toleo la tatu na la nne zinakubali herufi 64,000, lakini Moodle imejengwa hasa kwa 1.2, ile 2004 haiungi mkono kikamilifu, kwa hiyo kwako siyo ya kukimbilia. Moodle yenyewe ina mpangilio wa msimamizi unaohusu kufuata viwango vya SCORM kwa ukali, ukizimwa inaruhusu kifurushi cha 1.2 kuhifadhi zaidi ya kiwango kile, mwombe msimamizi wako auangalie. Lakini mimi ningekushauri uigawe kozi. Slaidi 71 kwa mtu anayesoma kati ya mgonjwa na mgonjwa ni nyingi. Zikiwa moduli tatu kila moja ina kumbukumbu yake, na mtu anamaliza kitu kimoja kwa mkao mmoja.

Na pita slaidi moja moja, ile ambayo haina haja ya kukumbuka kitu iwekee Reset to initial state. Slaidi ya kusoma tu ikumbuke nini?

Halafu ukipandisha faili jipya juu ya la zamani usijaribu na akaunti iliyoshaanza, kumbukumbu ya toleo la zamani inasoma toleo jipya na utaona maajabu ambayo siyo kosa lako. Anza jaribio jipya au tumia akaunti ambayo haijawahi kuigusa.

---

fundi_slaidi

Hapo mama_moduli kamaliza. Mimi naongeza tu kwamba wale wawili waandikie mapema, waambie kosa lilikuwa upande wa kozi na siyo wao. Mtu akipoteza slaidi 50 mara moja bila maelezo hafungui tena.

---

kozi_za_afya

Nimewapigia simu wote wawili jana hiyo hiyo. Mmoja alidhani amefuta yeye kwa kubonyeza vibaya, alikuwa ameshaanza kuomba radhi mimi nikiwa sijamaliza kusema.

Kozi nimeigawa moduli tatu, dalili za hatari na kikohozi, halafu kuhara na homa, halafu masikio, lishe na chanjo. Ya kwanza ina slaidi 24. Nimezijaribu na akaunti mpya, nimefunga katikati mara nne, nimerudi kila mara nilipoishia na tiki zangu. Setingi ya Moodle nimemwandikia msimamizi, namsubiri ingawa kwa sasa naona hata isipobadilishwa tutaenda.

Yule muuguzi mtu mzima nilimtumia kiungo bila kumwambia kimebadilika nini. Usiku kanitumia picha ya skrini, vitufe vinne vyote vina tiki na "Umesoma" chini yake, degedege na mchoro wake katikati, Next imewaka. Chini kaandika moduli ya mtoto mchanga wa chini ya miezi miwili inakuja lini.